Kwani Kiingereza Nacho Kinafundishwa?

Aliyeniuliza hivyo ni mjomba wangu, Disemba 2019, kwenye harusi huko Bungoma. Alitaka kujua nafanya kazi gani Nairobi. Nikamwambia nafundisha watu wazima Kiingereza, wengi wao Wasomali, Wakongomani na Waeritrea. Akaacha kutafuna. "Kwani Kiingereza nacho kinafundishwa? Si mtu hukisikia tu kikamwingia?" Kisha, kwa sauti ya chini ya kunihurumia, akauliza TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, wataniita lini nipate kazi.

Nilinuna njia nzima ya kurudi Nairobi. Ilinichukua miaka kadhaa kukiri kwamba mjomba alikuwa amesema kwa mdomo kile nilichokuwa nikikiamini mimi mwenyewe, na ambacho kilikuwa kimeshawala wanafunzi wangu pesa na muda.

Nilihitimu 2018, shahada ya ualimu, Kiingereza na fasihi. Nambari ya TSC nilikuwa nayo. Kazi ya TSC sikuwa nayo, na foleni ya waliohitimu kabla yangu haikuwa na mwisho. Nikapata kibarua katika chuo kimoja cha lugha katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la chipsi. Mahojiano yalikuwa ya dakika tano. Mkurugenzi alinisikiliza nikijieleza kwa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Uko sawa, hushrabu," akanikabidhi kalamu mbili za ubao. Malipo shilingi 350 kwa saa. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kumfundisha mtu asiyejua Kiingereza hata chembe.

Kushrabu, kwa wasio wa Nairobi, ni kusema Kiingereza huku lugha ya mama ikichungulia: Mkikuyu akichanganya r na l, Mluhya akigeuza b kuwa p. Hapa ni jambo la kuchekwa hadi bungeni. Wengi wetu tulivalishwa kibao shingoni shule ya msingi kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na jioni aliyekutwa nacho akachapwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini jaribu kwenda mahojiano ya benki na Kiswahili chako. Tulilelewa tukijua kwamba Kiingereza ni akili. Kwa hiyo asiyekijua anaonekana mjinga, na anayemfundisha asiyekijua anaonekana kama mwalimu wa chekechea aliyekosa watoto.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu tisa. Kati yao alikuwa mama wa Kisomali anayeuza vitambaa mtaa wa Eastleigh, mtu wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa akifika na daftari lililofunikwa kwa nailoni. Aliniita maalim, jina wanalomwita mwalimu wa Kurani, na ninakiri nililipenda jina hilo kuliko nilivyolistahili. Nilimfundisha nilivyofundishwa mimi: nyakati zote za vitenzi, kauli ya kutendwa, zile sentensi za mtihani za kuandika upya bila kubadilisha maana. Niliandika ubao mzima, wakanakili. Wiki ya nne alibaki nyuma baada ya kipindi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Isili, ndivyo tunavyoiita Eastleigh, "Maalim, kitabu kimejaa. Lakini juzi nimempeleka binti yangu kwa daktari, daktari ameongea, mimi nimenyamaza kama ukuta."

Alikuwa amelipa shilingi 6,000. Hakuwa ananilaumu hata kidogo, alidhani kichwa chake ndicho kibovu, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa sijamuuliza hata siku moja anakitaka Kiingereza cha nini.

Sasa hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya na mwanafunzi mpya, kabla ya kitabu, kabla hata ya kupokea ada. Namuuliza wiki hii ni wapi amekwama kwa sababu ya Kiingereza. Mmoja atasema kwa daktari, mwingine kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mwingine kwenye simu ya wakala wa kutoa mizigo Mombasa. Pale alipokwama ndipo somo la kwanza linapoanzia.

Mapema 2020, kabla ya korona kufunga kila kitu, mkurugenzi alituletea kijana Mwingereza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amekuja kuzunguka Afrika Mashariki, ameishiwa nauli. Wiki hiyohiyo picha yake ikabandikwa mlangoni chini, kubwa kuliko jina la chuo. Ada ya darasa lake ilipandishwa, na wanafunzi wangu watano wakahamia kwake. Sikuambiwa analipwa ngapi. Aliniambia mwenyewe, kwa nia njema, akidhani sote tunalipwa sawa: shilingi 1,000 kwa saa.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa mpole, mwenye haya, na kila asubuhi alikuja chumba cha walimu na maswali. Mkongomani mmoja kutoka Bukavu alikuwa amemuuliza tofauti ya "since" na "for". Akamjibu, "Ndivyo inavyosikika tu." Mkongomani akaandika hivyo kwenye daftari. Mimi nikamweleza yule kijana katika dakika mbili: moja inataja pale jambo lilipoanzia, nyingine inataja urefu wa muda. Akashukuru, akaenda kufundisha. Mimi nikabaki nimekaa na chuki yangu.

Chuki hiyo ilinikalia hadi siku aliponiomba nimfundishe Kiswahili wakati wa chakula cha mchana. Nikakubali kwa raha, nikijua hapa sasa mwenyeji ni mimi. Siku ya pili akauliza: kama ni kiti kizuri na kitabu kizuri, mbona ni kijana mzuri? Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nimezungumza Kiswahili tangu nikiwa mtoto, nimeota kwa Kiswahili, nimetukanwa kwa Kiswahili. Nikamwambia, "Ndivyo tunavyosema."

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilichelewa kucheka. Nilikuwa nimekasirika wiki kadhaa kwamba watu wanadhani aliyezaliwa na lugha ndiye anayeijua kuifundisha, na hapo nikawa nimesimama palepale alipokuwa amesimama yeye. Jioni nilitafuta jibu, ambalo mwanafunzi yeyote wa sarufi analo: kijana ni kiumbe, na viumbe huchukua upatanisho wa m- na wa- hata nomino ikiwa imevaa ki-. Nilikuwa nimeitumia kanuni hiyo maisha yangu yote bila kujua ipo.

Baadaye nilisoma jambo lililonifanya niweke simu chini. Mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, na moja ya mambo yaliyotoka huko ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Mkutano haukuwa London. Ulikuwa Makerere, hapa jirani Kampala, safari ya basi la usiku. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliitaja imani hiyo kati ya dhana potofu za fani hii, lakini kufikia hapo ilikuwa imeshaingia katika matangazo ya kazi na katika vichwa vya wazazi, na mkurugenzi wangu, ambaye sidhani aliwahi kusikia habari za mkutano huo, alikuwa akiitekeleza kwa bidii.

Korona ilipofunga chuo Machi 2020 nilihamia mtandaoni, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa gharama. Wenzangu walikuwa wakifundisha watoto wa China kwa kompyuta. Nikakopa kompyuta ya shilingi 38,000. Nikavuta intaneti ya nyumbani, karibu 3,000 kwa mwezi. Nikanunua cheti cha kufundisha Kiingereza, saa 120, kimepunguzwa bei hadi shilingi 6,500. Hizo saa 120 nilizimaliza wikendi mbili, nikijibu maswali ya kuchagua huku nikipika. Cheti kilikuja na muhuri wa dhahabu.

Kampuni ya kwanza ilinipa somo la majaribio, wakalisifu, wakaomba pasipoti. Nikatuma. Jibu likaja kwamba wanachukua wenye pasipoti za Marekani, Uingereza, Kanada na nyingine chache. Kampuni ya pili ilinichukua, lakini ilikuwa na ngazi mbili za malipo, na ngazi yangu ilitajwa waziwazi kuwa ya wasiozaliwa na Kiingereza. Mwalimu mkuu wa zamu aliniandikia ujumbe wa kirafiki kwamba wazazi watafurahi nikilainisha lafudhi.

Nikalainisha. Miezi minane nilizungumza kwa twengi, ile lafudhi ya kuiga Wazungu. Nilijifunza kuviringisha r kutoka video za Wamarekani, nikajipa jina jingine kwenye skrini. Siku moja mama alipiga simu katikati ya vipindi, nikapokea bila kubadilisha gia. Kimya. Kisha akasema, "Tafadhali mpe simu mwenyewe."

Twengi inachosha taya, na jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba inachosha akili pia: nusu ya masikio yako yanajisikiliza wewe badala ya kumsikiliza mtoto. Nilipitwa na makosa mengi ya wale watoto. Nikitazama nyuma, hiyo ilikuwa miezi niliyofundisha vibaya kuliko yote, na ndiyo niliyopewa nyota nyingi kuliko zote.

Julai 2021 serikali ya China ikabana masomo ya ziada na kupiga marufuku kuajiri walimu walio nje ya nchi wafundishe watoto wake kwa mtandao. Katika wiki chache kazi ikayeyuka. Kompyuta ilikuwa imebakisha miezi mitano ya kulipiwa. Nilikula akiba, kisha nikahama Umoja nikarudi kwa dada yangu Kayole, na kwa miezi miwili sikumwambia mtu yeyote kwa nini. Kama nawe unaingia kazi hii leo: usikope vifaa kwa sababu ya mwajiri mmoja aliye nchi usiyoijua, na ukionyeshwa cheti cha bei poa, uliza swali moja tu, nani atakaa nyuma ya darasa anione nikifundisha. Kama hakuna, unanunua karatasi. Mwaka 2022 nilichukua CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, kwa njia ya mtandao, kwa mkopo wa sacco niliolipa miezi kumi na minane. Ina saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akiandika. Mkufunzi wangu aliandika, baada ya somo langu la kwanza, kwamba nilizungumza dakika thelathini na tatu kati ya arobaini. Nililia, kisha nikahesabu, nikaona ni kweli.

Turudi kwa yule mama wa vitambaa.

Alinitafuta mwenyewe mwaka huo wa 2022. Namba yangu alikuwa ameitunza. Alitaka niwafundishe yeye na majirani zake wanne, dukani, baada ya swala ya alasiri. Shida yao kubwa ilikuwa sauti ya p, maana Kisomali hakina p, na kinachotoka ni b. Dawa ya maumivu inakuwa "baracetamol". Kwa mwenye duka la dawa haina neno, anaelewa. Lakini binti zao walikuwa wakiwacheka, na mama akichekwa na bintiye hufunga mdomo kabisa.

Hapo ikanibidi nitoe kitu nilichokuwa nimekificha miaka kumi na mitano. Mimi ni Mbukusu, yaani Mluhya. Nilipokuja Nairobi kidato cha kwanza, b zangu zilikuwa p, na wasichana wa bweni waliniita Pungoma. Mwaka mzima. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, Mkenya kama mimi, aliniita kidato cha pili, akachana ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, akaushika mbele ya midomo yangu. Ukisema p karatasi inaruka. Ukisema b inatulia, na ukiweka vidole kooni unasikia mtetemo. Mwezi mmoja, dakika kumi kila jioni. Pungoma ikafa, na mimi nikaapa hakuna atakayejua niliwahi kuwa hivyo. "Hushrabu," alisema mkurugenzi, na nilijivuna kama mtu aliyefaulu kuvuka mpaka bila karatasi.

Nikawasimulia wale akina mama yote, hadi Pungoma. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Kisha nikachana karatasi. Safari yao ilikuwa kinyume cha yangu: mimi nilihitaji kuzuia pumzi, wao walihitaji kuiachilia. Lakini njia ni ileile, na nilijua palipo na mashimo kwa sababu niliyaangukia. Yule kijana Mwingereza hawezi kukumbuka siku aliyojifunza p.

Tangu hapo huo ndio mtaji wangu. Nimejifunza kuorodhesha makosa kwa lugha anayotoka mtu, si kwa sura za kitabu. Mkongomani aliyesoma Kifaransa atakuambia "I have thirty years" kama mtu anayemiliki miaka, ataita duka la vitabu maktaba, atadondosha h. Haina maana kumsomesha nyakati kumi na mbili. Mfundishe hayo matatu wiki hii, aende nyumbani na kitu mkononi.

Mwaka 2023 nilikodi chumba nyuma ya duka karibu na First Avenue, shilingi 8,000. Ada ni 2,500 kwa mwezi, inalipwa tarehe moja, kabla. Mwanzoni nilikubali "nitatuma jioni" na nikajikuta nadai watu ninaowapenda, jambo linaloharibu darasa kuliko sarufi mbaya. Ramadhani madarasa ya jioni hufa, kwa hiyo weka akiba mwezi unaotangulia au hamishia asubuhi. Wakimbizi wengi hawapendi kutoka usiku kwa kuogopa kusimamishwa njiani, basi nafunga saa kumi na mbili. Hayo hayamo katika cheti chochote.

Na wateja bado huuliza. Mara kwa mara mzazi huchungulia mlangoni, ananiangalia, anaangalia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine, kisha: "Mzungu hayuko?" Zamani nilikuwa nabishana, naleta shahada, naleta habari za Makerere. Nilipoteza kila mabishano hayo. Sasa nasema hayuko, karibu ukae dakika ishirini uone. Wengine hukaa. Wengine huenda, na wanapokwenda simlaumu mtu aliyevalishwa kibao kile kile nilichovalishwa.

Mjomba naye? Mjomba mwaka jana aliniletea binti yake kutoka Bungoma afundishwe kwa ajili ya mahojiano ya kazi ya hoteli. Aliomba punguzo. Nikampa, robo tu.

Mwisho wa mwaka jana niliomba nafasi ya uzamili Uingereza, katika fani hiihii ya kufundisha Kiingereza. Chuo kikajibu kwamba kinataka matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya Uingereza ya nchi za wazungumzaji wa Kiingereza. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, nimefaulu karatasi zote tatu za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nina shahada yake, nakifundisha. Ada ya IELTS, ndio mtihani wenyewe, ilikuwa zaidi ya kodi ya chumba changu ya miezi mitatu, na matokeo yanaoza baada ya miaka miwili. Nikalipa. Nilijizoeza pia, jambo ninalomshauri kila anayejiona anajua: sehemu ya mazungumzo inakupa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha uzungumze hadi dakika mbili bila kusaidiwa, na nilipojirekodi mara ya kwanza niliishiwa maneno sekunde ya hamsini.

Siku ya mtihani nilifika mapema. Watu wamejipanga ukutani, pasipoti mkononi, simu zimekusanywa. Mtu akaniita kwa nyuma. Alikuwa yule Mkongomani wa Bukavu, amenenepa, amevaa suti, anajaribu kwenda Kanada.

"Ticha! Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akacheka kwa kuziba mdomo maana msimamizi alikuwa anatuangalia, akasogeza begi lake nikae. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, akainamia sikio langu na kuniuliza, haraka kabla hatujaitwa, ile habari ya "since" na "for" ilikuwaje hasa.